Aliondoka Mwenyewe, au Aliondoshwa?

Katika mitaa ya Kolwezi liko neno moja ambalo tumelisikia mara nyingi, penye kilio, penye kisima, na hata nje ya mlango wa kanisa baada ya Misa. Neno lenyewe ni hili: "Waliondoka wenyewe." Husemwa juu ya watu wa Kasai waliopanda gari la moshi mwaka 1993 wakaziacha nyumba zao. Alisemaye hana nia mbaya kila mara. Pengine alikuwapo, akawaona jirani zake wakifunga mizigo, wala hakumwona mtu aliyewashika mkono na kuwasukuma. Kwa macho yake, basi, waliondoka wenyewe. Lakini ukimwuliza yule aliyepanda gari, atakujibu neno jingine: "Tulifukuzwa."

Watu wawili, safari moja, maneno mawili yasiyopatana. Nani asema kweli? Je, kuna kipimo cha kupimia shurti, kama tupimavyo unga kwa mizani na kitambaa kwa mita? Ndiyo habari tutakayoieleza hapa. Nasi twakiri mapema kwamba yatugusa sisi wenyewe, kama msomaji atakavyoona mwishoni.

Jinsi watu walivyofika

Yafaa tuanze mbali kidogo, kwani mji wa Kolwezi wote ni mji wa watu waliohama. Nchi yenyewe ilikuwa na wenyeji wake, Wasanga, Wandembo, Walunda na Wacokwe, na shaba walikuwa wakiiyeyusha tangu zamani. Lakini mji wa kambi, mabomba na matreni uliletwa na mgodi.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ya kampuni iliyeyushwa huko. Shaba ilikuwa nyingi, mikono ilikuwa michache. Kwa hiyo mwaka 1910 iliundwa ofisi ya kutafuta wafanyakazi, nayo iliitwa Bourse du Travail du Katanga. Mawakala wake walipita vijijini, wakazungumza na machifu, wakawapa zawadi, na machifu wakawatoa vijana. Tena serikali ilidai kodi ya kichwa, na kodi hiyo ilitakiwa kwa fedha, si kwa mihogo wala kwa kuku. Asiye na fedha alifungwa. Na fedha ilikuwa wapi? Ilikuwa mgodini.

Hebu mtazame kijana wa siku zile. Chifu amemtaja. Kodi yamngoja. Wakala amemwekea karatasi mbele, naye ameweka alama ya kidole. Ukiitazama karatasi utasema: huyu amekubali, huu ni mkataba wa hiari. Lakini ukiutazama moyo wake utaona neno jingine. Wengi walikimbia njiani. Wengi waliofika waliugua kichomi na kuhara damu katika kambi za kwanza, na mwaka 1918 mafua makubwa yaliyoenea dunia nzima yaliwaua wengi. Habari za namna hiyo zilikumbukwa na watumishi wa nyumbani wa Elisabethville, na mwaka 1965 mmoja wao, André Yav, aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji huo kama walivyoiona wao wenyewe. Kitabu hicho ni hazina, kwani ndani yake aliyehamishwa ndiye asemaye, si yule aliyemhamisha.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1928 reli kutoka Bukama ilifika Port-Francqui, yaani Ilebo, ikipita katikati ya Kasai. Miaka ile ile kampuni iliacha mikataba mifupi, ikaanza kuwaandika watu kwa miaka mitatu, na kuwaruhusu waje na wake zao. Walitoka Kasai, walitoka Lomami, walitoka hata Rwanda na Burundi. Mwaka 1931 reli iliyotoka Tenke ikafika Dilolo, ikaungana na ile ya Angola iendayo baharini, na katika miaka ya mwisho ya 1930 Kolwezi ikawa makao ya migodi ya magharibi. Sasa watu wa Kasai walikuja wengi, wakawa makarani, mafundi, wafanyakazi wa reli, walimu na wauguzi. Je, hawa nao walishurutishwa? Wengi watakuambia sivyo: walikuja kutafuta maisha, wakayapata. Watoto wao wakazaliwa Manika na Dilala, wakasema Kiswahili, wakala bukari, wakazikwa hapa.

Basi tangu mwanzo twaona kwamba reli moja yaweza kubeba watu wa namna mbili katika behewa moja, mmoja aliyetaka na mmoja asiyetaka, nao hawatofautiani kwa nguo wala kwa tiketi.

Mgeni na mwenyeji

Penye kazi chache na nyumba chache, swali la nani mgeni halikawii kuzuka. Katika uchaguzi wa mitaa wa Desemba 1957, watu waliotoka nje ya Katanga walipata viti vikubwa Elisabethville. Mwaka uliofuata vyama vya wenyeji viliungana katika chama cha Conakat. Tarehe 11 Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Baluba wengi waliogopa kwa maisha yao, na mwaka 1961 makumi ya maelfu walikimbilia kambi iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa huko Elisabethville. Mwaka 1962 walisafirishwa kwenda Kasai ya Kusini na Katanga ya Kaskazini.

Lakini tusidhani kwamba kuhama kwa shurti ni historia ya kabila moja tu. Kolwezi ilikuwa ngome ya mwisho ya Tshombe, na askari wa Umoja wa Mataifa waliingia hapa Januari 1963. Askari wengi wa Katanga walivuka mpaka kwenda Angola. Machi 1977 walirudi na silaha, na Mei 1978 waliingia Kolwezi kwenyewe. Wazungu wengi na Waafrika wengi zaidi waliuawa katika siku hizo, mpaka askari wa Ufaransa na wa Ubelgiji waliposhuka kwa miavuli na ndege. Baada ya vita hivyo viwili, maelfu ya wenyeji wa Katanga walikimbilia Angola kwa miguu, wakiogopa jeshi la serikali yao wenyewe. Hivyo hata mwenyeji wa hapa ajua maana ya kufunga mzigo usiku.

Mwaka 1993

Sasa tufike kwenye kidonda chenyewe. Mwaka 1990 Rais Mobutu aliruhusu vyama vingi. Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe waziri mkuu badala ya Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Gavana wa jimbo, ambalo siku zile liliitwa Shaba, alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza wa chama cha UFERI, chama kile kile cha Nguz. Katika hotuba na nyimbo watu wa Kasai waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Mtu akiisha kuitwa mdudu, kumfagia si kazi kubwa.

Tena tumbo lilikuwa tupu. Katika miaka ya katikati ya 1980 Gécamines, kampuni iliyorithi migodi ya Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1993 kampuni haikufikia hata tani 60,000. Kazi zilipungua, mishahara ilichelewa, na vijana waliambiwa kwamba nafasi zao zimekaliwa na wageni. Wanahistoria wengi waona pia kwamba ugomvi huo ulimfaa Mobutu, kwa sababu uliwagawanya wapinzani wake.

Mwaka 1992 moto uliwaka Likasi, na Machi 1993 ukawaka Kolwezi. Nyumba zilivamiwa, vitu viliporwa, watu walipigwa na wengine kuuawa. Makumi ya maelfu walikusanyika stesheni, katika mashule na katika viwanja vya makanisa, wakingojea gari la moshi la kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawajaiona hata siku moja. Wengine walingoja majuma, wengine miezi. Surua, kuhara na njaa viliwaua watoto kwanza. Na gari lilipokuja, safari ya Tenke, Kamina hata Mwene-Ditu ilikuwa ndefu, mabehewa yamejaa kupita kiasi, na wengi walikufa njiani. Katika Katanga nzima waliohama miaka ile ni laki kadhaa.

Lakini hapa ndipo lilipozaliwa lile neno letu. Kwani si wote walioondoka siku waliyovamiwa. Wako walioona moshi wa Likasi wakauza vitu vyao mapema, wakanunua tiketi, wakaaga jirani. Wako walioondoka kwa sababu mtaa ulibaki mtupu, na mtoto hana tena wa kucheza naye. Wako waliofichwa na jirani zao wa Katanga chini ya kitanda, wakatunzwa kwa siku nyingi, kisha wakaondoka wakiogopa kumletea mwenyeji wao mauti. Hawa wote, je, waliondoka wenyewe?

Vipimo vya wataalamu

Sheria ina kipimo chake. Mkataba wa Geneva wa tarehe 28 Julai 1951 wamwita mkimbizi yule aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliwaongeza waliokimbia vita na fujo, lakini mpaka wa nchi ni lazima uvukwe. Mtu wa Kolwezi aliyefukuzwa mpaka Mwene-Ditu hakuvuka mpaka wowote, kwa hiyo katika vitabu hivyo hakuwa mkimbizi. Ni mwaka 2009 tu, huko Kampala, nchi za Afrika zilipotia sahihi mkataba wa kuwalinda waliohamishwa ndani ya nchi zao. Twaona basi kwamba kipimo cha sheria hutazama mstari uliochorwa juu ya ramani.

Wenye elimu walitafuta kipimo kingine. Mwaka 1973 Egon Kunz, mtu wa Hungaria aliyehamia Australia, aliandika kwamba wako wakimbizi wa namna mbili. Wa kwanza huona wingu kabla ya mvua, wakajiandaa, wakaondoka na masanduku yao, hata huonekana kama wasafiri wa kawaida. Wa pili hukimbia mvua ikiwa imewaangukia, mikono mitupu. Lakini mvua ni ile ile. Ndivyo ilivyokuwa kwa jirani zetu walionunua tiketi.

Mwaka 1992 daktari Richard Mollica wa Marekani na wenzake walichapa orodha ya maswali kwa ajili ya wakimbizi wa Asia: je, ulikosa chakula, ulikosa nyumba, uliona mtu akiuawa, ulikaribia kufa? Orodha hiyo hupima hatari, moja baada ya moja. Na mwaka 2020 Gerald Echterhoff wa chuo kikuu cha Münster, Ujerumani, pamoja na wenzake, walieleza kwamba mambo mawili ndiyo yamtengayo mkimbizi na mhamiaji wa hiari katika nafsi yake: jinsi anavyoona kwamba alishurutishwa, na jinsi anavyoona hatari alizozipitia. Maana mambo hayo mawili hayaishi safarini. Humfuata mtu mpaka aendako, yakamfanya alale au asilale, ajenge nyumba ya matofali au akae juu ya sanduku lake akingojea kurudi. Kwa hiyo wataalamu humwuliza mwenyewe, nao humpa ngazi ya kujibu, kuanzia "sivyo kabisa" hata "ndivyo kabisa". Hawamwulizi jirani yake. Nasi tuna methali mbili zinazosema hivyo: adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wazee wetu wa seminari nao walitufundisha jambo linalofanana na hilo. Mtakatifu Thomas wa Akwino, akimfuata Aristotle, atoa mfano wa nahodha aliyepatwa na tufani. Mawimbi yapanda, merikebu yataka kuzama, naye aitupa shehena yake baharini kwa mikono yake mwenyewe. Je, ametaka? Thomas ajibu kwa uangalifu: kwa saa ile na mahali pale, ametaka kweli, kwani mkono ni wake na akili ni yake. Lakini ukiondoa tufani, hakuna nahodha atakaye kutupa mali yake. Basi asemaye "waliondoka wenyewe" ameona mkono wa nahodha, lakini hakuiona tufani. Neno lake ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli hukaa mjini muda mrefu kuliko uongo mtupu.

Punje kumi

Tulitaka kuona kama kipimo hicho kingefanya kazi kwetu. Basi Jumapili moja, katika jumuiya yetu, tuliweka sahani mbili juu ya mkeka, moja ya shurti na moja ya hatari. Kila aliyekubali alipewa punje kumi za mahindi kwa kila sahani. Tukawaambia: asiyeshurtishwa hata kidogo asiweke punje, ambaye hakuwa na njia nyingine yoyote, aweke zote kumi, na sahani ya pili vivyo hivyo. Walikuja watu saba.

Mzee mmoja aliyefanya kazi ya reli, aliyeondoka Machi 1993, aliweka punje kumi za shurti, lakini nne tu za hatari. Alisafiri na wenzake wa kazi, walikuwa na maji na behewa lililofunikwa. Mama mjane wa gari lile lile aliweka kumi na kumi, akanyamaza. Alizika mtoto kando ya reli kabla ya kufika Kamina. Gari moja, mwezi mmoja, hesabu mbili.

Mama wa tatu ni mzaliwa wa hapa aliyeolewa na mtu wa Kasai, akamfuata. Aliweka punje tatu, akafikiri, akaongeza tatu. Akasema, "Mwalimu, nilimpenda mume wangu, nilikwenda naye. Lakini nani aliniuliza?" Wanaume waliokuwapo walitazama chini.

Mzee wa nne ni mtu wa Katanga, aliyekwenda Angola kwa miguu mwaka 1977 akiwa kijana. Punje saba, punje nane. Yule mjane alipoziona alisema, "Baba, kumbe nawe?" Wamekaa mtaa mmoja miaka mingi, wala hakujua.

Kijana wa tano alitoka Kasai mwaka 2017, wakati wa vita vya Kamuina Nsapu vilivyowahamisha watu zaidi ya milioni moja. Kijiji chake hakikuchomwa, ila soko lilikufa na shule ikafungwa. Aliweka tano za shurti na tisa za hatari, kwa kuwa alikuja juu ya behewa la mizigo. Hatukushangaa. Machi 2022, karibu na kijiji cha Buyofwe katika wilaya ya Lubudi, treni ya mizigo ilianguka ikiwa imebeba watu wasioruhusiwa kupanda, na zaidi ya 60 walikufa.

Wa sita ni kijana mchimbaji wa kobalti aliyekuja kutoka Lubumbashi. Hakuweka punje hata moja katika sahani ya shurti. "Nilitaka fedha," alisema, watu wakacheka. Hatari aliweka mbili, akasema hatari yake haikuwa njiani, iko shimoni.

Wa saba alitushangaza. Ni mama aliyehamishwa mtaani kwake ili kupisha mgodi, akapewa fedha, akajenga mtaa mwingine wa mji huu huu. Hakutembea hata saa moja. Hatari: sahani tupu. Shurti: punje tisa. Tukamwuliza, hata ile ya kumi kwa nini ameibakiza? Akajibu kwamba mumewe aliwahi kuchagua rangi ya mlango wa nyumba mpya.

Tulijifunza nini? Kwanza, shurti na hatari si kitu kimoja. Mtu aweza kuwa na nyingi ya moja na kidogo ya nyingine. Anayemhukumu mwenziwe kwa kusema "hukupigwa, basi hukufukuzwa" amechanganya sahani mbili. Pili, urefu wa njia haupimi kitu. Tatu, katika nyumba moja baba aweza kuwa amehama na mama amehamishwa. Nne, mtu akiulizwa vizuri hakimbilii kumi. Kijana wa kobalti hakujifanya mkimbizi, na mzee wa reli hakuongeza hatari asizozipata.

Hapo yuko atakayesema: mtu aweza kutia chumvi, tena miaka thelathini imepita, na kumbukumbu hupinda kama chuma cha reli juani. Ni kweli. Punje za mahindi si ushahidi wa mahakama. Hazituambii nani aliichoma nyumba, wala nani alitoa amri. Kwa hayo zatakiwa karatasi, mashahidi na hakimu. Lakini hakimu naye hawezi kutuambia kwa nini mjane yule hupita mbali na stesheni mpaka leo. Kila kipimo na kazi yake. Mita haipimi joto, na mizani haipimi urefu.

Nyumba ya Manika

Sasa tutimize ahadi yetu. Sisi tunaoandika haya tulikulia Manika katika nyumba yenye mparachichi uani. Mwaka 1993 tulikuwa mtoto mgongoni mwa mama. Baba yetu, Mungu amrehemu, aliinunua nyumba hiyo kwa jirani wa Kasai, katika juma lile ambalo stesheni ilikuwa imejaa. Alitoa zaire alizokuwa nazo, ambazo thamani yake ilipotea upesi, na magunia mawili ya unga. Hakumtisha mtu. Hakuimba nyimbo zile. Mama yetu husema hata leo: "Alibisha hodi yeye mwenyewe, akamsihi baba yenu anunue." Nasi tuliamini, tukalala usingizi mwema chini ya bati lile.

Lakini nahodha wa Mtakatifu Thomas hakutuacha. Kama shehena imetupwa kwa sababu ya tufani, je, yule aiokotaye pwani aweza kusema, "Nimepewa"? Thomas huyo huyo, akisema juu ya riba, afundisha kwamba mwenye shida akilipa kilichozidi haki, halipi kwa hiari kamili, kwa kuwa shida ndiyo imsukumayo, na apokeaye hawezi kujitetea kwa kusema, "Alikubali." Tulilisoma neno hilo tukiwa wanafunzi, tukalijibu vizuri katika mtihani, wala hatukuwaza kwamba lahusu mparachichi wetu.

Binti wa muuzaji yule alirudi Kolwezi, naye ni mkristo wa parokia yetu. Baada ya Jumapili ile ya punje tulimwendea na sahani zetu mbili, tukamwomba apime juma lile kama anavyolikumbuka, maana alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Hakuhitaji kufikiri kwa shurti: alimimina zote. Kwa hatari alihesabu pole pole mpaka saba. Kisha akasema, "Mwanangu, magunia yale ya unga tuliyala njiani. Bila hayo ningeweka kumi. Baba yako alitusaidia, na baba yako alituchukulia nyumba. Yote mawili ni kweli."

Hakudai nyumba siku ile. Alidai jambo moja: tusiseme tena mtaani kwamba baba yake aliuza kwa kupenda. Tulimwahidi. Habari ya mali yenyewe wazee wa jamaa zote mbili wanaizungumza sasa, polepole, nasi hatutaki kuwatangulia. Mama yetu alikasirika mwanzo. Siku hizi husema tu, "Muwaulize wazee."

Wasomaji wapenzi, mji wetu wazidi kupokea watu. Tangu mwaka 2015 Kolwezi ni makao makuu ya jimbo la Lualaba, na kobalti yavuta vijana kutoka pande zote. Kila gari la mizigo lishushalo watu Kolwezi huyafufua maneno ya zamani, na tumesikia tena sokoni neno lile la wadudu, ingawa kwa sauti ya chini. Wako pia wanaohamishwa ili mashimo yapanuke. Yatupasa kujifunza kuuliza kabla ya kuhukumu. Tusimwulize mgeni, "Umefuata nini kwetu?" Tumwulize maswali mawili: "Je, ungaliweza kubaki? Na njiani yalikupata nini?" Kisha tunyamaze, tumwache ahesabu mwenyewe.

Maana asemaye "aliondoka mwenyewe" pasipo kuuliza, amejipa haki ya kuweka punje katika sahani isiyo yake. Sisi tulikula matunda ya mparachichi ule miaka thelathini kabla ya kuuliza.